P ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Nalisema hilo mapema, maana siku hizi kuna watu mtaani wanaapa kuwa alisomea ng'ambo, na yeye hakanushi. Anarekebisha mkoba wake begani na kunyamaza kwa heshima zote. Anayeujua ukweli ni mimi, na leo nausema wote, pamoja na sehemu zinazoniaibisha, ambazo si chache.

Mimi nilikuwa mwendesha lifti. Jengo letu lina ghorofa kumi na tatu, na lifti yake ya zamani ilikuwa na mlango wa chuma wa kukunja, kistuli cha mbao pembeni na mkono wa shaba wa kupandishia na kushushia. Miaka kumi na minne nilikaa kwenye kile kistuli nikiwauliza watu, "Unakwenda ngapi?" Wakanipa jina la Dada Lifti, na jina langu halisi likabaki kwenye kitambulisho. Nilimjua anayekwenda kwa daktari wa meno, ghorofa ya tano, kwa jinsi alivyoshika shavu, na anayekwenda kwa wakili, ghorofa ya tisa, kwa jinsi alivyobana bahasha kwapani. Wanandoa waliokuja kuachana niliwapandisha kila mmoja na kona yake, na mara mbili niliwashusha wameshikana mikono. Wakili hakunipenda.

Siku moja Meneja wa jengo alipanda nami mpaka juu kabisa, na huko juu hakuwa na shida yoyote. Nikajua kuna jambo.

"Dada Lifti," akasema, "lifti mpya inakuja. Haina mwendeshaji. Inajiendesha, na inajisemea."

"Inasema nini?"

"Inawaambia watu wamefika ghorofa ya ngapi, wasisimame mlangoni, mambo kama hayo. Kwa Kiingereza. Sasa ile sauti iliyokuja nayo kutoka kiwandani siipendi, inaongea kama mtu aliyebanwa vidole. Nataka sauti ya kwetu, Kiingereza cha kwao. Nakupa wiki sita na mwalimu. Ukiweza, sauti itakuwa yako, na utakaa chumba cha chini cha lifti, kwenye kiti chenye mgongo, uangalie mitambo na kuwajibu watakaokwama. Usipoweza, tutaweka ile ya kiwandani, na wewe..."

Akatazama dari. Mtu akianza kutazama dari ya lifti, ujue unamwaga unga.

Mwalimu wa Matamshi alikuwa kijana mwembamba mwenye shingo ndefu na subira fupi. Mkobani alikuwa na kioo cha mkononi, vipande vya karatasi laini, na picha ya kichwa cha mtu kilichokatwa katikati ili ulimi uonekane. Tulisomea kwenye ngazi za ghorofa ya kumi na tatu, saa ya mapumziko ya mchana, kwa sababu lifti ikipumzika hakuna binadamu anayefika huko kwa miguu.

"Kiingereza usikisome," akaniambia siku ya kwanza. "Kitazame mdomoni."

Basi nikakitazama. Nilishika koo nikasema sss, koo likatulia. Nikasema zzz, likatetemeka. Nilitoa ulimi kati ya meno mbele ya kioo mpaka nikajionea haya. Aliniambia sisi tuna vokali tano na wenyewe wana karibu ishirini. Nikamuuliza wanaziweka wapi zote hizo. Hakucheka. Kisha akaning'iniza kipande cha karatasi mbele ya midomo yangu.

"Sema 'please'."

"Plizi."

Karatasi ikatulia tuli.

"Tena."

"Plizi!"

Ikatulia. Akaigeuzia kwake, akasema neno lilelile bila hata kujitahidi, karatasi ikaruka juu.

"Umeona? P yao inatoka na pumzi. T na K vilevile. Usipoitoa pumzi, wao wanaweza kusikia B. Na hiyo i uliyoweka mwishoni umeitoa wapi?"

"Nimeona e pale mwisho kwenye orodha yako, Mwalimu."

"Hiyo haisomwi."

"Sasa imewekwa ya nini?"

Mwalimu akafungua chupa yake akanywa maji taratibu. Kazi yangu imenikutanisha na watu wengi wanaokunywa maji ili wasijibu.

Alinirekodia maneno yote ya lifti kwenye simu, arobaini kwa hesabu yake, nikafanye mazoezi nyumbani. Na nyumbani, sasa, ndiko aliko mama mkwe. Anaishi nasi tangu tulipooana, au sisi ndio tunaoishi naye, inategemea unamuuliza nani. Yeye amekulia kwenye Kiswahili cha kale, cha watu ambao kila herufi kwao ina mahali pake pa kukaa. Mimi nimekulia kwenye Kiswahili cha kuokoteza, nusu shuleni, nusu sokoni.

Siku niliyoletwa kwa ndugu wa mume, nilisimama ukumbini nikataka kumsifu. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mama huyu kwangu ni mtu mwenye samani kubwa." Nilikusudia thamani. Samani, kwa asiyeelewa kosa langu, ni makochi na makabati. Na mama mkwe wangu, Mungu anisamehe, ni mwanamke aliyejaa. Akiketi kochi la watu watatu, wa tatu atafute kiti kingine. Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Yeye peke yake hakucheka. Tangu hapo, kwa miaka tisa, neno langu halikupita bila kukaguliwa. Nikisema paa linavuja, atauliza, "Paa la nyumba, au paa mnyama?" kana kwamba kuna mnyama anayevuja. Nilijua ni visa vya mkwe, nikawa namjibu kwa kugonganisha sufuria.

Basi nikafunga kamba kwenye kabati la vyombo, nikaning'iniza karatasi yangu, nikaanza: pu, pu, pu.

"Unamtemea nani mate?" akauliza kutoka sebuleni.

"Simtemei mtu, Mama. Najifunza Kiingereza."

"Kiingereza kinatemewa mate?"

Jioni akampelekea mwanawe mashtaka kuwa mke wake anajikaba koo jikoni huku ananguruma. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, amezoea kujikinga macho palipo na cheche. Akasema "Mhh," akachukua sahani yake akaenda kulia nje.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mwisho wa ya tatu Mwalimu alimwambia Meneja kuwa z ninazo, th inakuja, ila p zangu zimekufa. Meneja alipopanda lifti siku hiyo hakunisalimia. Niliogopa, nasema kweli. Nilijiona nimekaa nyumbani kutwa nzima, sina kazi, sina pa kwenda, nikisahihishwa kuanzia chai ya asubuhi.

Jioni hiyo mvua ilinyesha. Nilikuwa mbele ya karatasi yangu, midomo imeniuma, tone likaniangukia utosini.

"Paa linavuja tena!" nikafoka.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, upande wa pili wa karatasi. "Paa gani?"

"Mama, paa ni paa!"

"Si kweli," akasema. "Hili la juu ni paa. Yule wa porini ni p'aa."

Karatasi ikaruka ikanipiga puani.

Tuliitazama wote wawili inavyorudi mahali pake.

"Sema tena," nikasema.

"Unaniamuru?"

"Nakuomba, Mama."

Alikuwa amelisubiri neno hilo miaka tisa, na hakuwa na haraka nalo. Alivuta kiti, akaketi, akajiweka sawa. "Kaa la moto," akasema, na karatasi haikutikisika. "K'aa wa majini." Ikaruka. "Tembo la kulewea." Kimya. "T'embo wa mkonga." Ikaruka mpaka ikajisokota kwenye kamba. P, T na K, zilezile tatu, hakuna iliyopungua. Mwalimu wa watu alikuwa anapanda ghorofa kumi na tatu kunitafutia kitu ambacho nilikuwa nakigonganishia sufuria nyumbani.

"Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanifundisha," nikamwambia.

"Nilikuwa nakuchokoza," akajibu. "Kukufundisha tunaanza sasa. Nenda ukanawe uso."

Alikuwa na masharti. Yeye aketi, mimi nisimame. Nianze kwa shikamoo hata kama nimeshamwamkia asubuhi. Na wageni wakija, darasa liendelee. Marafiki zake wawili walikuwa wanakuja kila jioni kuniangalia nikisema p'aa, t'embo, k'aa, wakinywa chai yangu na kutoa alama kwa kutikisa vichwa. Mmoja alileta na kitambaa cha kufuma kabisa, alijua ni jambo la kuchukua muda. Mimi niliwaza kiti chenye mgongo, nikavumilia.

Baada ya wanyama tulihamia kwenye simu. Sauti ya Mwalimu ilikuwa inasema "Please stand clear of the doors," mimi narudia, nakosea, na mama mkwe, macho yakiwa kwenye maharage anayochambua, anasema, "Hapana. Sikiliza," halafu analisema yeye, sawasawa na simu. Hakuniuliza hata mara moja maana yake nini. Aliyachukua yale maneno kama wimbo wa watu wengine, unaouimba kwa sababu ni mtamu. Kufikia wiki ya sita alikuwa nayo yote arobaini kwa mpangilio wake, na mimi karatasi yangu ilikuwa inaruka mara tisa katika kumi. Nikaanza kuvimba kichwa. Nilimwambia Mwalimu nimegundua mbinu yangu mwenyewe. Ndiyo, nilisema yangu.

Siku ya mtihani mama mkwe alitokea sebuleni na gauni la harusi za watu na viatu vya kubana.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kazini kwako. Siwezi kukuacha ukaniaibishe peke yako."

Lifti mpya ilikuwa imeshawekwa, inang'aa, bila mlango wa kukunja wala kistuli. Chumba cha chini kilikuwa kidogo: mitambo na kipaza sauti ukutani, maikrofoni mezani, kitufe chekundu, na kile kiti. Meneja na Mwalimu waliingia ndani ya lifti ili wasikie sauti kama abiria watakavyoisikia. Mimi nikaketi. Mama mkwe akasimama nyuma yangu. Mbele yangu Meneja alikuwa ameniwekea orodha ya maneno arobaini, imepigwa chapa vizuri, herufi kubwa.

Hapo ndipo nilipokwisha. Wiki zote nilikuwa nafuata simu. Orodha ya Mwalimu ilikuwa inakaa mkobani mwake. Sasa herufi zilikuwa zimejipanga mbele yangu zikiomba kusomwa, na mimi nimelelewa nisibague herufi. Nikabonyeza kitufe.

"Plizi standi kliya ofu..."

Kipaza sauti kikakoroma. Ilikuwa sauti ya Meneja kutoka juu huko. "Dada Lifti, huyo ni wewe, au ni ile ya kiwandani?"

Nikarudia. Ikawa mbaya zaidi. P ikafa, na nikaiongezea vokali mbili. Nikarudia tena.

"Mara ya mwisho," Meneja akasema. "Nasikitika, Dada Lifti, lakini mara ya mwisho."

Nikaitazama orodha, machozi yakanijaa, herufi zikaanza kuogelea. Miaka kumi na minne ilikuwa inaniponyoka kwa sababu ya e moja isiyosomwa.

"Toka hapo," mama mkwe akasema.

"Mama, ni mtihani wangu."

"Nimeona. Toka."

Nikatoka. Akaketi, kiti kikalia, akaigeuza ile orodha kifudifudi kama mtu anayefunika chakula kisiingie nzi, akabonyeza kitufe. "Please stand clear of the doors," akasema. P ilitoka na pumzi yake yote, s ikajikata mwishoni bila i wala u. "Press the button. Top floor. Third floor. Car park." Aliyatoa moja baada ya jingine, bila haraka, kwa sauti ileile anayotumia kuniambia chumvi imezidi. Alipofika la thelathini na nane, kipaza sauti kikakoroma tena, na Meneja, kwa furaha, akasahau Kiswahili.

"Madam! How old are you?"

Mama mkwe alifikiri ni sehemu ya mtihani. Akaendelea na orodha yake. "Thirteenth floor," akajibu. "Going down."

Wakashuka mbio. Meneja alisukuma mlango akamkuta bibi aliyejaa kitini, na Dada Lifti ukutani akijifuta pua. Nikalazimika kueleza, na nikaeleza yote, mpaka ile mbinu niliyoiita yangu. Mwalimu alimwomba mama mkwe aseme paa, halafu p'aa, akiwa ameshika karatasi yake mwenyewe, akaketi sakafuni bila kutafuta kiti.

"Huyu hakuziona herufi," akamwambia Meneja. "Dada Lifti anasoma kwa macho. Mama anasoma kwa masikio."

"Basi sauti ndiyo hii," Meneja akasema. "Mama, kazi ni yako. Na kiti ni chako."

Nilimchukia mama mkwe kwa muda wa pumzi moja. Sitaficha. Wiki sita nimesimama mbele yake, nimewamiminia chai marafiki zake, na sasa ameketi kwenye kiti changu na gauni la harusi.

"Kazi yenyewe nini?" akauliza.

"Unakaa hapa. Mtu akikwama ndani ya lifti anabonyeza kengele, wewe unamjibu."

"Mtu aliyekwama katikati huko, jasho linamtoka, ataita kwa lugha gani?"

Meneja akafikiri. "Kiswahili."

"Na mimi nimjibu 'Going down'?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na kicheko kilinitoka kwa bahati mbaya.

"Watu wa jengo hili anawajua huyu," mama mkwe akaendelea. "Anajua nani anaumwa jino na nani anaachwa. Kiti mpeni mwenyewe, mimi mgongo unaniuma. Na hiyo lifti yenu iseme na Kiswahili, au mnadhani watu wote wamefundishwa na mimi?"

Meneja akatazama dari, kisha akaacha. "Sawa. Kiingereza useme wewe, na Kiswahili nacho useme wewe, Mama. Una matamshi safi."

"Hapana. Kiswahili aseme mke wa mwanangu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Anakosea palepale wanapokosea wao," akasema. "Watamwelewa."

Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na mpaka leo nikiigeuza naona upande wa pili ni tusi. Lakini aliitoa mbele ya watu, na kiti kikawa changu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimbebea mkoba, na nilimwambia ahsante bila kulazimishwa.

Siku lifti ilipofunguliwa alikuja kujisikiliza. Tulipanda sisi wawili peke yetu. Sauti yake ikatujia kutoka juu, safi, na kila p na pumzi yake: "Please stand clear of the doors." Kisha ikafuata yangu: "Tafadhali, usisimame mlangoni."

Akanigeukia. "Kumbe ndicho nilichokuwa nasema?"

"Ndicho hicho, Mama."

"Wiki sita kwa hilo tu? Ningewasukuma kwa mkono." Akakunja uso. "Halafu umesema tafazali."

"Nimesema tafadhali."

"Tafazali. Nimesikia. Dh yako imekuwa z. Waambie warekodi upya."

"Haiwezekani, Mama. Imeshaingia kwenye mtambo."

Tukafika ghorofa ya pili, akasema yeye, nikasema mimi, z yangu ikasikika waziwazi. Ya tatu vilevile. Ya nne akawa ameshaanza kuvuta pumzi ya kunisahihisha kabla hata sijasema. Akapanda nami zote kumi na tatu akijaribu. Nyumbani hakuna aliyewahi kusema baada ya mama mkwe wangu. Mle ndani, kila ghorofa, akishamaliza yeye naanza mimi, na mlango unafunguka watu wakaingia kabla hajapata nafasi ya kunijibu.